Mapipa ya Upepo na Tende za Bi Thurayya

Nyie vijana wa skuli ya ufundi mnaokuja hapa kwangu Ibra kuimaliza halwa yangu, swali lenu ni lile lile kila mara: "Babu, jeshini ulikuwa rubani?" Nikisema la, nyuso zinanywea, mkono unarudi kwenye simu. Haya, leo wekeni hizo simu chini nikuhadithieni. Mie nilikuwa fundi wa mabati ya ndege katika jeshi la Oman, na miaka ya tisini kuelekea mwisho nilipewa kazi ambayo hata mke wangu sikuweza kumweleza ikafahamika. Nilikuwa nikichuja upepo.

Msicheke. Upepo unachujwa kama tui. Mama zenu wakitaka tui safi wanapitisha nazi kwenye kifumbu, machicha yanabaki. Na sisi tukitaka kujua mbingu imebeba nini, tunaitia ndege kifumbu chini ya bawa, tunairusha, ikirudi tunatazama kilichobaki. Nchi zikijaribu mabomu ya nyuklia, hata wakiyachimbia chini ya ardhi, huenda vumbi kidogo likaponyoka, likapanda, likatembea na upepo bila kumwomba mtu viza. Na wenye kujaribu walikuwa ng'ambo ya pili tu ya bahari yetu. Basi wakubwa wakataka pawepo ndege moja inayoweza kupanda juu ikaonja.

Aliyepewa kuivika ndege ile alikuwa Ami Masoud, na mie nikawekwa chini yake.

Ami Masoud alikuwa mtoto wa Malindi, Unguja, amerudi Oman na waliorudi miaka ya sabini. Mfupi, mnene, sauti ya muadhini, na usafi wake ulikuwa maradhi. Ukipita mbele ya meza yake ya kazi na viatu vyenye mchanga, utasikia: "Wee! Umekuja kulima?" Spana zake zilipanguswa kila jioni na kulazwa kwa umri, kubwa mpaka ndogo. Mifuko ya ovaroli yake, lakini, ilikuwa duka. Ukimwomba chochote anacho: tasbihi, karafuu za kutafuna, kamba, wembe, soksi za karabai, glavu nyeupe za pamba. Sisi tukimwambia, "Ami, huko ndani hamna samaki?" Anasema, "Wapo, lakini hawakuulizeni."

Kifaa chenyewe kilikuwa pipa la bati jepesi, refu kama mtu aliyelala. Mbele lina pua, upepo unaingilia hapo. Ndani kuna fremu, na juu ya fremu tunalaza karatasi nyeupe maalumu, pana kama sinia, upepo unapita na vumbi linanasa. Nyuma ni mkia wa kutolea. Puani mna mlango ambao rubani anaufungua kwa waya akishafika anapotaka kuonja, maana ukiuacha wazi tokea uwanjani utachuja mchanga wa Sharqiyah peke yake, na huo hatukuuhitaji, tunao mwingi.

Sheria ya pipa ni moja: upepo wote upite kwenye karatasi, usipite pembeni. Upepo ni mwizi, ukimwachia upenyo wa unywele anapita huko huko. Kwa hivyo tukizunguusha ringi ya mpira kwenye fremu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhakikisha mpira haukukunjika. Utajuaje? Ami Masoud alikuwa na dawa yake. Kabla karatasi haijatiwa alichukua chetezo, akaweka kaa na udi, akauzunguusha moshi kwenye kila kiungo huku feni ikivuta hewa mkiani. Pale moshi unapoingia ndani, pana tundu. Mshauri wa kigeni aliyekuja kutufundisha alikuwa na kichupa chake cha moshi wa kitaalamu, na kilifanya kazi ile ile sawasawa, ila hanga letu, yaani banda la ndege, lilinukia kama nyumba ya bi harusi. Yule bwana alipokwenda zake alibeba pakiti mbili za udi.

Jengine nililojifunza kwake: bolti usiikaze ukiwa na hasira. Bati la ndege ni jembamba, ukilikamia linapasuka mbele ya safari. Na ukitundika pipa bawa la kushoto, bawa la kulia nalo litake lake, ndege isije ikatembea kimshazari kama kaa. Tulilitengenezea pacha tupu lenye uzito ule ule, tukaliita Kulwa.

Na kuna siku, lahaula, ndege imekwenda safari ya majaribio, imerudi, tumefungua pipa, karatasi nyeupe kama sanda! Rubani anashangilia, mbingu safi! Tumepeana mikono, kahawa imemiminwa. Ami Masoud akaenda mbele kutazama pua, akarudi, akasimama mikono kiunoni. Mfuniko mwekundu wa turubai ungali umefungwa palepale puani. Kila mmoja wetu alidhani mwenziwe kautoa. Toka siku hiyo mwenye kuutoa mfuniko akawa lazima aende kusimama mbele ya rubani na kuuinua juu, rubani auone kwa macho yake, akubali kwa kichwa, ndipo injini iwake. Kama mtasahau yote ya leo, hilo msilisahau: kitu cha kuondolewa kipewe shahidi.

Shahidi mwengine tulikuwa naye kwenye sanduku. Kila ukitia karatasi moja pipani, unachukua ya pili kutoka pakiti ile ile, unaishika kwa mikono ile ile, unailaza kwenye fremu, kisha unaitoa na kuitia sandukuni. Hiyo haiendi juu. Tukiiita karatasi ya shahidi. Faida yake mtaiona.

Sasa niwajulisheni na Chiriku. Hiyo ni mashine ya mkono ya kupimia mionzi, inatoa sauti tik, tik, na ikikutana na mionzi mingi inapiga kelele bila kupumua, ndiyo tukaipa jina la ndege yule mwenye domo. Karatasi yoyote ikishuka kutoka juu Chiriku anailia. Msishtuke. Ardhi yenyewe inapumua mionzi kidogo, iko hewani siku zote toka Mungu alipoumba. Lakini hiyo ya ardhi haina subira. Unaiacha karatasi, kesho au kesho kutwa imenyamaza, kama mtoto aliyeamshwa akalia akachoka. Isiponyamaza, hapo ndipo mtu anaacha kutafuna.

Kuhusu Ami Masoud na mie, liko jambo la nyumbani lazima mlijue. Aliniona siku moja nikiosha mikono mara ya pili kabla sijashika karatasi, wala hakuna aliyenitazama. Wiki ile ile akanialika Birkat al Mauz, kwa dada yake Bi Thurayya, mjane, mwenye binti mmoja. Huyo binti ndiye bibi yenu. Kwa hivyo mie nimeoa kwa ajili ya sabuni.

Bi Thurayya alikuja Birkat al Mauz na mumewe kutoka Unguja, hajui Kiarabu ila cha kusalia. Ndugu wa mume walimpokea, lakini akifungua mdomo watu wanatazamana. Wake wa hara nzima, mtaa wote ule, wakimcheka, na aliyecheka kwa nguvu zaidi alikuwa Bi Zahra, shemegi yake, ukuta kwa ukuta. Huyu hajapata kutoka Oman maisha yake, na neno la Kiswahili akisema halitaingia nyumbani kwake. Mume akafa mapema, akamwachia mkewe mitende kando ya falaj, ule mfereji wa maji ya mji. Na hiyo mitende ilikuwa ya naghal, tende zinazotangulia kuiva mbele ya nyengine zote.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipojijengea nyumba. Kila mwaka rutab za kwanza, zile laini ambazo zinayeyuka kabla hujatafuna, zilikuwa zake. Alizipanga kwenye masinia, akafunika vitambaa alivyovitia nakshi mwenyewe, akapeleka nyumba baada ya nyumba, na kwa Bi Zahra akianzia. Mwaka wa kwanza walipokea kwa aibu. Mwaka wa pili sinia zilirudi na ndimu. Baadaye harusi zikawa hazipangwi bila ya yeye. Nakwambieni, yule bibi hakuingia mjini kwa ulimi, aliingia kwa sinia.

Basi ukafika ule mwezi ambao nchi mbili za ng'ambo zilijaribu mabomu yao, moja ikafuatia nyengine. Simu ikalia. Chujeni.

Ndege tukaipeleka kwenye kiwanja cha jangwani, huku kwetu Sharqiyah, ipate kuruka mara tu baada ya sala ya alfajiri, upepo wa chini ukiwa bado umelala. Kiwanja hakina umeme. Kulikuwa na jenereta, na Ami Masoud alipoliona linatoa moshi mweusi alipiga ukelele: "Zima! Nimefuta mapipa wiki nzima, leo uniletee masizi?" Likazimwa. Akatoa taa yake ya karabai, akaipampu, akabadilisha soksi yake, kile kijifuko cha kitambaa cheupe kinachowaka. "Karabai haina moshi kwa anayeijua," akasema. "Mie nimeangazia harusi za Malindi kwa hii." Kiwanja kikang'aa. Akavaa glavu zake nyeupe, akatia karatasi, akafanya na ya shahidi, akaifungia. Mie nikainua mfuniko juu, rubani akakubali kwa kichwa. Ndege ikaenda ikapita juu ya Sur, ikakata Ras al Jinz, ikaingia baharini, ikaonja, ikarudi.

Chiriku akalia. Tukasema, ya ardhi hiyo. Kesho yake akalia vile vile. Keshokutwa, vile vile, hata hakupunguza sauti. Nilimtazama Ami Masoud, na karafuu ilikuwa imesimama mdomoni mwake.

Karatasi ikapelekwa Maskat, kwenye mashine kubwa inayoweza kusema ni nini hasa kinacholia. Sisi tukaambiwa tufunge midomo mpaka jibu lirudi. Nami niliufunga, ingawa usiku silali, nafikiria falaj, nafikiria mke wangu ambaye alikuwa na mimba ya mtoto wetu, yuko kwao Birkat al Mauz.

Ami Masoud alishindwa. Alkhamisi, ambayo zamani zile ndiyo ilikuwa mapumziko, alikwenda kumtazama dada yake, akamkuta kifua mbele, sinia zimekwisha kwenda kwa watu tokea jana yake. Akamvuta pembeni.

"Thurayya, tende usile. Wala usimpe mtu."

"Kwa nini, kaka?"

"Usiniulize. Kuna vumbi."

Hilo tu. Lakini mfanyakazi wa shamba alikuwa karibu, na maneno katika hara hayangoji ndege. Kufika alasiri watu wanasema tende za Bi Thurayya zina sumu ya bomu, na kwamba kaka yake wa jeshini ndiye aliyesema.

Ijumaa mke wangu akanipigia simu analia. "Njoo. Sinia zimerudi."

"Si ndivyo zinavyorudi?"

"Zimerudi na tende zake!"

Vijana, nyie mnakula kwenye maboksi, labda hamtafahamu. Kwetu sinia ya jirani hairudi tupu. Unatia ndimu, unatia mayai, huna kitu unatia hata chumvi. Lakini irudi na kile kile ulichopeleka, kitambaa hakikufunguliwa, hiyo maana yake mtu amekwambia: wewe si mwenzetu, hujapata kuwa mwenzetu. Ya mwanzo kurudi ilikuwa ya Bi Zahra.

Niliendesha gari mpaka Birkat al Mauz sijui nimepitaje. Nikamkuta mama mkwe amekaa chini ukumbini, sinia zimemzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikae karibu na hizo. Zina sumu."

"Nani kasema?"

"Kaka yangu. Na kaka yangu hasemi uwongo." Akapangusa ukingo wa sinia kwa kanga. "Nimemwambia mfanyakazi akate makole yote ya tende azike. Lakini nikafikiri, akizika, si itaingia kwenye maji? Hata pa kuzitupa sina."

Moyo uliniuma, wallahi uliniuma. Kama ile karatasi ni kweli, basi alikuwa na haki ya kuogopa, na hara nzima ina haki. Kama si kweli, nani atamrudishia ile miaka? Nikamwomba jambo moja, asikate kitu mpaka jibu litoke Maskat. Akasema, "Rutab haingoji Maskat." Lakini akamwambia mfanyakazi ashuke mtini.

Jibu lilikuja na miguu yake. Jumamosi asubuhi gari ikasimama mbele ya hanga, akashuka Daktari Samira, mwanamke kijana wa Sur, mtaalamu wa mionzi wa maabara, mkoba begani. Bibi yake mzaa mama alizaliwa Unguja, kwa hivyo alikuwa na Kiswahili cha jikoni, akikosa neno anatia Kiarabu.

"Shikamoo, Ami. Nimekuja kwa ile karatasi yenu. Ile kitu inalia, si ya bomu."

Ami Masoud akashika meza. "Si ya bomu?"

"La. Bomu ana watoto wake, mashine inawajua wote kwa majina. Hawamo. Hii ni thoriamu, madini ya ardhini, ya zamani sana. Lakini ni nyingi, mbinguni haiwezi kuwa nyingi hivi. Iko wapi karatasi ya shahidi?"

Tulitazamana kama watu walioacha mtoto sokoni. Katika ile hofu yetu hakuna aliyemuuliza shahidi! Nikakimbilia sanduku. Daktari akaifungua ile karatasi ambayo haijapata kuona wingu, akamsogeza Chiriku, na Chiriku akalia.

"Alhamdulillahi," akasema daktari. "Mbingu safi. Uchafu uko hapa chini, kwetu."

Mie nilishukuru kwa sauti. Ami Masoud hakushukuru bado, alikuwa ameguswa penye usafi. "Kwetu wapi?" akauliza. "Hapa? Hapa unaweza kulia chakula sakafuni!"

Daktari akaanza kupita na Chiriku. Mezani, tik, tik, kimya. Mpira wa fremu, kimya. Chetezo cha udi, hapo nilifumba macho, kimya. Mikono yangu, kimya. Akawa anaelekea kabati la spana, Ami Masoud amesimama njiani ameikunja mikono, na Chiriku akapiga kelele zote alizojaaliwa.

Ami akarudi nyuma hatua. Daktari akamfuata. Kelele zikamfuata.

"Mie?" akasema, sauti ya muadhini imekuwa ya kuku. "Mie ndiye bomu?"

"Ami, una nini mfukoni?"

Akatoa tasbihi, kimya. Karafuu, kimya. Kamba, wembe, kimya. Akatoa glavu nyeupe, Chiriku akachachamaa. Akatoa mwisho kipakiti cha soksi za karabai, hapo ikawa vifijo vya harusi nzima. Daktari akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shela, kisha akaona uso wa yule mzee akaacha.

Akatueleza taratibu. Viwandani kile kitambaa cha soksi wanakichovya kwenye thoriamu, ndiyo sababu kinawaka mwanga mweupe vile. Unga wake unapukutika. Haikuwa ya kumdhuru mtu kwa kubeba siku chache, anawe mikono, asivute ule unga, basi. Lakini karatasi ya kuchuja upepo, hiyo inaona hata punje. Na yeye alikuwa akizitia glavu za usafi na soksi katika mfuko mmoja.

"Nilivaa glavu nisiichafue," akasema Ami Masoud. Akakaa juu ya sanduku la vifaa. "Nilizima jenereta nisiichafue." Kisha akakumbuka, nikamwona anakumbuka, akajipiga kofi la paja. "Thurayya! Nimemtia aibu dada yangu, na bomu lenyewe limo mfukoni mwangu."

Wakubwa walisema taarifa itatolewa kwa taratibu zake. Ami Masoud akaomba ruhusa aende mwenyewe. "Maneno yalitoka kinywani mwangu," akasema, "na kinywa changu ndicho kitayarudisha." Wakamruhusu, na Daktari Samira akakubali kutusindikiza na Chiriku, kwa kuwa, alisema, kama bibi yake angesikia amekataa angemrudi kwa kiatu.

Tulifika baada ya sala ya alasiri. Ami hakumwambia dada yake neno refu. Aliteremsha kilemba akakiweka chini, akambusu kichwa. "Tende zako salama. Kosa langu. Nipe sinia." Bi Thurayya alimtazama sana, kisha akaingia ndani, akapanga rutab mpya alizochuma mfanyakazi asubuhi ile, akafunika vitambaa vile vile.

Na hapo nikaona jambo ambalo sijaliona kabla yake wala baada. Mzee yule, mwenye vyeo vyake begani, aliweka sinia kichwani kama mwanamke, akatoka njiani mchana kweupe, na mie nyuma yake na sinia mbili, na daktari na Chiriku. Watoto wakatufuata. Kila mlango akibisha, wakitoka anafunua kitambaa, daktari anapitisha Chiriku juu ya tende: tik, tik. Kisha Ami anatoa soksi ya karabai kutoka kwenye kichupa ilimofungiwa: kelele! Watu wanaruka. "Hii ndiyo sumu," anasema kwa Kiarabu, "na ilikuwa mfukoni mwangu mie. Si katika tende, wala si kwa dada yangu." Anachukua tende moja ya sinia ile, anaila mbele yao, anatoa kokwa, anaondoka. Nyumba baada ya nyumba. Mlango wa Bi Zahra ulichelewa kufunguka, na ulipofunguka ulitoka mkono tu, ukaipokea sinia, ukafunga.

Tukarudi ukumbini kungoja. Ami Masoud, tumbo limejaa tende, alikaa karibu ya mlango kama mshitakiwa. Bi Thurayya alijifanya anashona. Sinia ya mwanzo ikarudi na ndizi. Ya pili na mayai. Nyengine ndimu, nyengine mkate wa moto, na mtu wa kila sinia alisema salamu, akaomba radhi kwa njia yake. Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mama mkwe anapokea, anaitikia, lakini jicho liko mlangoni. Ya Bi Zahra haijarudi.

Jua likaanza kushuka kwenye jabali. "Nitakwenda kumgongea," akasema Ami.

"Kaa," akasema dada yake.

Karibu ya magharibi mlango ukasukumwa. Alikuwa Bi Zahra mwenyewe, hakutuma mtu. Sinia kaishika kwa mikono miwili, kitambaa kakikunja vizuri juu ya bega. Akaja mpaka mbele ya mama mkwe akaiweka chini. Hamkuwa na ndimu wala mayai. Zilikuwa kokwa, sinia imejaa kokwa tupu, safi, zimelambwa.

"Nilitafuta cha kutia," akasema kwa Kiarabu chake cha haraka, macho chini. "Lakini tulizila zote papo kwa papo, wote, na watoto, tumesimama. Nikasema nilete hizi, uone mwenyewe kwamba tumekula."

Mkono wa Bi Thurayya ulikuwa umeingia kwenye zile kokwa, anazigeuza.

Na yule mwanamke, ambaye kwa miaka yote ile hakutaka neno la Kiswahili lipite ukuta wake, akameza mate, akasema, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kwa mara ya kwanza, "Tamu."

Mama mkwe wangu akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi ubavuni pake. "Karibu," akasema. "Kaa, Zahra."